Kopo la Mwaka wa Kutu

Paraná, 9 Machi 1958

Dada Fenna,

Pokea salamu za watu wanaotokwa jasho. Sisi sote wazima. Mke wangu Zwaantje aling'olewa jino, na sasa ananing'ata kwa yale yaliyobaki. Wubbe mdogo ameanza shule na anarudi na Kireno kingi ambacho mama yake hakielewi, na labda ni heri. Jurrien anatembea, anaanguka, anatembea tena. Ng'ombe wamefika kumi na wanne. Natumaini nawe hujambo hapo Onstwedde, na kwamba jirani yako Berend bado anakagua mapazia kila asubuhi aone kama umeamka.

Najua una kinyongo kwamba sikuja kumzika Baba Agosti iliyopita. Meli ni wiki tatu, Fenna. Ningefika nikute kaburi limeshaota majani. Hayo uliyamaliza mwenyewe kwenye barua yako ya Oktoba, mistari sita bila hata "dada yako" mwishoni, kwa hiyo sitayafukua.

Jambo lenyewe ni hili. Huku miezi ya baridi, Juni mpaka Septemba, nyika yote hukauka, na ng'ombe hawana kitu kibichi isipokuwa ile nyasi ya mwaka mmoja, ile ile tunayoilima kwetu. Mwaka jana iliingia kutu, ule ugonjwa wa majani. Shamba zima likawa rangi ya chungwa. Nikipita humo viatu vinabadilika rangi, na mbwa anarudi nyumbani na miguu ya mbweha. Ng'ombe wananusa, wanapiga chafya, wanageuka. Maziwa yakashuka nusu. Mkutano wa koloni letu la wahamiaji umepitisha kwamba atakayeshindwa kulisha ng'ombe wake majira mawili mfululizo atanyang'anywa, wagawiwe wenye malisho. Mimi nimeshashindwa moja.

Nataka mbegu ya Baba, ile isiyoshika kutu. Kilo mbili zinatosha, nitazidisha mwenyewe. Mbegu ya Baba ikipandwa mwishoni mwa Aprili itawahi baridi. Kwa hiyo usikae na barua hii ukiikunja na kuikunjua. Nenda posta. Ni mbegu ya Baba, na mimi ni mtoto wake kama wewe.

Ndugu yako,
Eppo


Onstwedde, 2 Aprili 1958

Eppo,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Baridi ilikuwa ndefu, mfereji uliganda mpaka wiki ya pili ya Machi, na nguruwe niliyemchinja Novemba alikuwa na mafuta kuliko nyama. Berend ameanguka na baiskeli mlangoni pa kanisa, mbele ya mchungaji, na ameniomba nisimwandikie mtu yeyote. Ndiyo maana nakuandikia. Msalimie wifi yangu, mwambie namwonea huruma, na si kwa ajili ya jino.

Umeandika "mbegu ya Baba" mara tatu. Nimehesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Sasa nikueleze kitu ambacho hukuwa na nafasi ya kukiona ulipokuwa hapa. Baba alishika kiko. Vijiti nilishika mimi. Tangu mwaka arobaini na saba, kila Aprili napanda miche elfu nne, mmoja mmoja, kwa magoti. Kutu ikichelewa naifuata: naomba majani yenye ugonjwa kwa majirani, nayapukuta juu ya miche yangu mpaka vidole vinageuka rangi. Mche unaoshika kutu nang'oa. Unaobaki kijani nauchomekea kijiti kuwa alama. Mwaka wa kwanza ilibaki sita. Hiyo sita nikavuna mbegu zake, na mwaka wa pili nikazizungushia rai, ile nafaka ndefu kama ngano, pande zote, ili upepo usiniletee chavua ya nyasi mbovu za Berend. Nikachagua tena, nikaanza tena. Miaka kumi na mmoja, Eppo.

Wewe ulikuwa unasimama barabarani na wenzako mnacheka. "Mwoneni dada'angu, wenzake wanafuga kuku, yeye anafuga ugonjwa!" Unakumbuka? Mimi nakumbuka mpaka kofia uliyovaa. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na aliyeunda hakuwa na kiko mdomoni.

Jibu ni hapana. Nina kopo moja tu darini, la mwaka hamsini na mbili, ule mwaka wa kutu kubwa, wilaya nzima ya Westerwolde ilipokuwa ya chungwa na kipande changu peke yake kijani. Kopo hilo halisafiri. Nalipanda mwenyewe wiki ijayo. Usiniulize kwa nini napanda la zamani.

Dada yako,
Fenna


Paraná, 11 Mei 1958

Dada Fenna,

Zwaantje anasema nisianze na matusi, nianze na salamu. Basi salamu. Ndama amezaliwa, jike, mwekundu. Wubbe mdogo aliumwa na nyuki akamtukana kwa lugha mbili. Zwaantje ana mimba tena, Novemba tukijaliwa. Umeridhika? Sasa sikiliza.

Nimepanda mbegu ya huku, ile ile mbovu, kwa sababu dada yangu wa tumbo moja ameatamia kopo kama kuku. Mwezi wa nane kutu itarudi. Mwezi wa tisa watu watakuja na kamba kuwachukua ng'ombe wangu. Niliwavusha bahari wale, Fenna. Nililala nao chini kwenye meli, nikawashika pembe wakati wa mawimbi, nikawanywesha kwa mkono. Wanangu wakiniuliza walienda wapi, nitawajibu kwamba shangazi yenu aliwanyima nyasi.

Hadithi yako ya magoti nimeisoma. Yanatia huruma, magoti. Lakini hakuna aliyekufunga kamba pale. Yule mwalimu wa Vlagtwedde alikuja kunywa kahawa kwetu Jumapili saba, na Jumapili zote saba ulimwambia habari za kutu. Ya nane hakuja. Ulichagua majani, dada, usitudai sisi.

Tena Baba hakuacha wosia. Nusu ya kila kilicho hapo ni yangu, na darini pia. Nitamwandikia wakili wa Winschoten akueleze vizuri, maana mimi hunisikii.

Na hilo kopo la hamsini na mbili usilitegemee sana. Mbegu huzeeka. Panda kidogo kwanza uone. Nimekwambia, usije ukasema sikukwambia.

Eppo


Onstwedde, 17 Agosti 1958

Eppo,

Mvua tangu Juni, viazi vinaozea ardhini. Berend bado anachechemea. Mimi mzima, kama huku ni kuwa mzima. Wifi namwombea ajifungue salama, yeye hana kosa lolote isipokuwa la kukubali posa.

Jana ilitimia mwaka mmoja tangu Baba afe. Nitakwambia sasa ambacho sikukiandika Oktoba.

Kipande changu unakijua, kipo kando ya barabara ya kwenda kanisani. Wiki ile kutu ilikuwa imekolea kuliko miaka yote. Katika miche elfu nne ilibaki arobaini na mmoja, kijani, safi, masuke yamejaa, ila punje zilikuwa bado maziwa. Wiki mbili zaidi ningevuna. Baba akafa Ijumaa alfajiri. Desturi unaijua. Berend na majirani wengine walichukua shughuli zote za nyumba kabla mwili haujapoa. Mmoja akaenda kwenye kengele, mmoja kwenye jeneza, wake zao wakafunga madirisha na kuniketisha kando ya Baba na kikombe cha kahawa. Mfiwa haagizi kitu siku hizo wala hatoki. Kazi yote ya shamba ni ya majirani mpaka marehemu azikwe. Mimi ni mtu wa hapa, nikakaa.

Jumamosi nikasikia jiwe linanoa mundu. Kisha mundu wenyewe, upande wa barabara. Nilijua ni wapi. Ningeweza kufungua dirisha nikapiga kelele. Nikafikiria, binti wa marehemu anapiga kelele kwa ajili ya nyasi, na baba yake yuko hapo amefunikwa shuka. Niliona aibu, Eppo. Nikakaa mikono mapajani mpaka wakamaliza.

Baada ya mazishi Berend alinishika mkono, machozi yanamtoka. "Tumekusafishia, Fenna," akasema. "Haikuwa haki mzee apite mara ya mwisho kwenye shamba chafu vile, na watu wote nyuma yake. Vijiti vyako usihofu, nimevihesabu, vyote vipo, nimeviegemeza ukutani." Nikamwambia ahsante. Wewe ungesema nini? Alikuwa amefanya kwa heshima, na amefanya vizuri, hakuacha hata unyasi mmoja. Mashina yalichipua tena Septemba, lakini baridi iliyaua kabla ya mbegu.

Kwa hiyo kopo lile ndilo pekee lililobaki, mbegu za miaka mingine nilikuwa nimeshazipanda zote. Nililipanda lote Aprili. Sikubakiza, maana nililiamini kuliko ninavyowaamini watu. Julai kutu ikaja, nikatoka asubuhi na vijiti vyangu mkononi. Eppo, yote. Kila mche, toka chini mpaka juu. Sikupata pa kuchomeka hata kijiti kimoja. Na hiyo si mbegu kuzeeka. Mbegu ikizeeka haioti, na hii iliota vizuri mno. Hii ni nyasi ya gunia, ya dukani. Mtu aliimwaga yangu, akajaza nyingine, akafunga kifuniko vizuri.

Nikaenda nikaitoa barua yako ya Mei. "Usije ukasema sikukwambia."

Ulijua. Uliondoka hapa Machi mwaka hamsini na tatu na mbegu yangu sandukuni mwako, ukaniacha nipande uongo kwa magoti. Halafu una uso wa kuniomba nyingine! Nimeona wezi, lakini mwizi anayerudi kuazima gunia la kubebea sijamwona.

Mwandikie wakili wako. Mweleze na hilo.

Fenna


Paraná, 2 Septemba 1958

Fenna,

Sioni maana ya salamu tena, lakini Zwaantje amekaa mezani ananitazama. Sote wazima.

Mwizi. Sawa. Nilikuwa nimeapa kunyamaza mpaka kaburini, lakini umenichokoza, basi pokea. Sikulichukua mimi kopo hilo. Nilipewa na Baba.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla sijapanda meli, wewe uko kanisani. Akaniita darini. Nikamkuta ameshafungua kopo, na gunia la nyasi ya dukani liko kando yake. Akamimina mbegu kwenye soksi zangu mbili za sufu, akazifunga fundo. Nikamwambia, "Baba, si ya Fenna hiyo?" Ndiyo, nilisema, uamini usiamini. Akasema, "Fenna hana mtoto. Kitu chake kitaishia kwake. Wewe una mwana, na wengine watakuja. Usimwambie dada yako." Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, na kiko mdomoni kama unavyokitaja. Miaka mitano nimekubebea mzigo huo ili uendelee kumpenda, na shukrani yake ndiyo hii.

Wala usihangaike kuuliza iko wapi. Niliipanda mwaka ule ule, kando ya nyasi za yule aliyelima hapa kabla yangu. Mwaka wa kwanza ilikuwa maajabu, watu walikuja kutazama. Wa pili, nusu. Wa tatu ikashika kutu kama ya kila mtu. Habari za rai na upepo nimezisoma kwa mara ya kwanza kwenye barua yako ya Aprili. Nani angeniambia kabla? Aliyejua ndiye niliyekatazwa kumuuliza.

Sasa shamba lote ni la chungwa tena. Wazee wa koloni wanakuja kukagua tarehe thelathini. Ng'ombe wamekonda mbavu nje, tena wamepata wazimu. Wanalikataa shamba zima, wanang'ang'ania mteremko ulio chini ya hori la maji, ambako kuna mafungu kama sitini hivi ya nyasi yamebaki mabichi, hayana hata doa. Nadhani ni mavi yao yanayotiririka pale. Wanayala mpaka kwenye mzizi, wanapigana pembe. Mimi nasimama pale nacheka nisije nikalia.

Umefurahi? Ulitaka kujua, umejua. Baba ametupunja sote wawili, mimi kwa kunipa na wewe kwa kukunyima.

Eppo


TELEGRAMU
Onstwedde, 12 Septemba 1958

ONDOA NG'OMBE MTEREMKONI LEO. ZUNGUSHIA UA. USIULIZE. FENNA


Onstwedde, 12 Septemba 1958

Eppo,

Salamu zote mpe wifi na watoto. Kwako sina.

Barua yako imefika asubuhi. Niliisoma mpaka pale penye "hana mtoto", nikaiweka chini ya mkate. Nikaenda nikakamua, nikaosha ndoo, nikaosha tena ndoo zilizokuwa safi. Nilimwosha miguu yule mzee miaka miwili. Nilimkatia mkate vipande vidogo kwa sababu ya meno yake, na alikuwa anasema, "Bila wewe, Fenna, ningekuwa wapi?" Sitaandika zaidi juu yake. Nikiandika litatoka neno ambalo marehemu haambiwi.

Nikaisoma iliyobaki. Nikafika kwenye mteremko wako.

Nakwambia kweli, maana nimechoka na watu wanaoficha. Nilielewa mara moja, na nilikaa nusu saa nzima nikiwaza nikuache. Ng'ombe wako wangemaliza kazi, na Baba angekosa alichotaka. Wanao wasingepata, nami nisingepata, tungekuwa sawa. Nilikuwa nimeshaanza kuona raha. Halafu nikavaa viatu nikaenda posta, kwa sababu mche haukumwomba mtu aubebe kwenye soksi.

Sikiliza vizuri, maana sitarudia. Mbolea hupunguza kutu, haiimalizi. Umeandika kwamba hayana hata doa. Nyasi isiyo na doa katikati ya shamba la chungwa haitokani na mavi ya ng'ombe. Ni kazi yangu. Ni watoto wa lile kopo la hamsini na mbili. Wamejipanda wenyewe miaka mitano, wamechanganyika na takataka zako, na bado wamesimama. Huko kwenu huu ndio mwezi wa kutoa masuke. Ng'ombe akilila suke, imekwisha, hakuna pengine duniani. Hapa hakuna. Nimekwisha kukuonyesha kwamba hapa hakuna.

Kwa hiyo jenga ua. Ng'ombe wape kitu kingine, wape hata magodoro yenu. Kila asubuhi pita na ufunue majani mpaka chini, na mche wenye hata doa moja ung'oe kabla haujachanua. Usiuonee huruma kwa kuwa ni mkubwa au umenona. Nyasi mbovu za kando zifyeke zisichanue, mita hamsini kila upande, na hata hivyo upepo utakuibia kidogo. Suke likikauka, na punje ikiwa ngumu ukiibana kwa ukucha, kata kwa mkono. Anika kivulini siku kumi. Usifunge ikiwa mbichi.

Baada ya hapo utakachozifanyia ni juu yako na dhamiri yako, kama mlivuka bahari pamoja.

Fenna


Paraná, 7 Desemba 1958

Dada Fenna,

Salamu za hapa. Zwaantje amejifungua tarehe ishirini na mbili Novemba, mtoto wa kike, wote wawili wazima. Usijivune, hatukumpa jina lako. Anaitwa Harmke, kwa mama mkwe, kwa sababu mama mkwe huandika barua nzuri.

Telegramu yako ilifika tarehe kumi na nne. "Usiulize." Nani wewe wa kuniamrisha kwenye ardhi yangu? Nikaitia mfukoni. Zwaantje akasema, "Eppo, mtu halipii telegramu ya kuvuka bahari kwa mzaha." Nikamwambia hamjui dada yangu. Siku nane, Fenna. Siku nane niliwaacha ng'ombe pale, na siku nyingine niliwaswaga mwenyewe, kwa sababu tu ilikuwa imeandikwa kama amri. Barua ilipofika nilisoma nusu, nikakimbia na viatu vya mbao, nikaanguka mara mbili. Ya mafungu sitini nilikuta tisa. Mengine yalikuwa udongo. Hilo ni langu, siwezi kumtupia Baba.

Nikajenga ua kwa mbao za zizi. Tarehe thelathini wazee wakaja. Wakaona ng'ombe wamekonda mpaka mfupa wa nyonga unakata ngozi, na kando yao kipande cha kijani kizuri kimezungushiwa mbao, na Wubbe mdogo amesimama na fimbo anawafukuza. Mzee wetu mkuu akavua kofia akajikuna.

"Eppo, una akili timamu wewe? Malisho si hayo hapo!"

"Hayo si malisho," nikasema. "Hayo ni dada yangu."

Wakatazamana. Mmoja akasema nifungue ua, ng'ombe wale mbele yao siku hiyo na kesho yake, na wao wangeandika kwamba nimelisha, yaishe. Alisema kwa wema, ananipenda. Nilisimama pale na mkono kwenye mbao, Fenna. Sikufungua. Wakachukua ng'ombe tisa. Wameniachia watano na ndama yule mwekundu. Watatu kati ya waliochukuliwa niliwaleta mimi kwa meli, na walikuwa wanageuka kunitazama mpaka kwenye kona.

Nikapita kila asubuhi kama ulivyosema. Mafungu mawili yalipata doa Oktoba, nikang'oa, moja lilikuwa ndilo nono kuliko yote na nilitukana nilipoling'oa. Saba yalifika mwisho. Yalikuwa yameliwa sana, yakatoa masuke mafupi, yenye punje chache. Zwaantje alianika kwenye nepi ya mtoto, chini ya kitanda.

Zote zimo ndani ya bahasha hii. Zote. Sikubakiza hata punje. Usidhani ni upendo. Nina hasira na wewe bado, na siku tukionana nitakuambia usoni habari ya ile barua ya mistari sita. Ni kwamba najijua. Zikibaki kwangu nitazipanda, nitazisifia, nitaziharibu mara ya pili, na hakuna mteremko mwingine. Wewe utazipigia magoti. Zikiwa tayari, hata kama ni miaka kumi, utaniletea kilo mbili, na maelezo, kwa maandishi, na bila matusi ukiweza.

Na watu wa kuandikisha mbegu watakapokuja hapo kukuuliza iitwe nani, usiandike jina la Baba, wala la ukoo. Andika lako. Wanangu wana majina yao.

Eppo


Onstwedde, 4 Mei 1959

Eppo,

Zimefika. Punje mia tisa na thelathini na mbili. Ulizifunga mbichi, kama nilivyokukataza, na kumi na nne zilikuwa na ukungu.

Nyingine zote zimeota.

Fenna